Mwanao ametoka soba na chuo kinafunguliwa: arudi au abaki nyumbani?

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu karibu saa nne usiku.

"Daktari, samahani kwa kukusumbua saa hizi. Kijana wangu anatoka soba mwisho wa mwezi, amekaa miezi minne. Chuo kinafunguliwa wiki mbili baada ya hapo. Baba yake anasema arudi akamalize, mwaka mzima umeshapotea na ada imekwenda na maji. Mimi roho haitulii. Kule ndiko alikoanzia. Nimwachie aende?"

Ujumbe wa namna hii naupata kila mwaka Oktoba inapokaribia, wakati vyuo vinajiandaa kufungua na wazazi wanahesabu ada. Safari hii nimeona niujibu hapa, kwa sababu najua mama huyu hayuko peke yake.

Nianze na neno ambalo wazazi wa vijana hawa huwa hawaambiwi: hongera. Kumfikisha mtoto soba au kliniki, ukamlipia, ukamtembelea na chakula huku majirani wananong'ona, si jambo dogo. Na wewe kijana unayesoma hapa ukiwa na wiki zako au miezi yako bila pombe wala unga, hongera pia.

Baada ya hongera, ukweli. Kazi mliyoimaliza ilikuwa nyepesi kuliko hii inayoanza. Ndani ya soba hakuna baa karibu na geti, hakuna rafiki anayegonga dirisha usiku, hakuna fedha mfukoni. Chuoni vyote vitatu vinamsubiri. Ndiyo maana mama aliponiuliza kama amwachie aende, nami nilimuuliza swali: mmepanga nini kabla hajapanda basi?

Mwili husahau

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimhudumia kijana wa mwaka wa pili aliyekuwa anavuta unga. Alikaa ndani miezi mitatu. Akanenepa, tabasamu likarudi, akawa anawaongoza wenzake kwenye mazoezi ya asubuhi. Siku ya kumruhusu niliwaambia wazazi wake, kwa furaha kabisa, "Huyu amepona, mrudisheni chuo." Nikaandika barua, wakaondoka. Sikuuliza atalala wapi. Sikuuliza fedha zake zitapita mikononi mwa nani. Na kubwa zaidi, sikumwambia kijana kwamba mwili wake haukuwa tena ule aliokuja nao.

Alirudi gheto lilelile, kwa wenzake walewale. Wiki tatu alisimama vizuri. Bumu lilipoingia, Ijumaa jioni, akavuta kiasi alichozoea zamani. Mwenzake wa chumbani alimkuta amelala chali, anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi. Bahati yake mwenzake hakusema "mwacheni apumzike". Alipiga kelele, wakatafuta gari, wakafika hospitali akiwa bado na pumzi. Aliishi. Nilijifunza, lakini kwa gharama ya mtoto wa watu.

Kilichotokea ni hiki. Anayetumia heroini kila siku, mwili wake huizoea, na kiasi kilichomtosha mwezi uliopita leo hakimtoshi. Akiacha, mazoea hayo huondoka, tena haraka, ndani ya siku na wiki chache. Siku akirudia na kiasi kile cha zamani, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi huzidiwa. Anapumua polepole, kisha anaacha. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka soba, hospitali au gerezani ni za hatari sana. Hatari huongezeka akichanganya: unga na pombe, unga na vidonge vya usingizi kama diazepamu, au tramadoli juu ya bia. Hata pombe yenyewe, aliyekuwa anakunywa nyingi akikaa miezi bila kuigusa, kiasi kilekile humwangusha.

Mzazi, mwambie mwanao jambo hili waziwazi. Wengi wanaogopa kwamba ukilitaja umempa ruhusa ya kurudia. Hujampa. Mwenye kisukari huambiwa dalili za sukari kushuka, na hakuna anayesema tumemruhusu ashushe sukari.

Na anayelala naye chumba kimoja ajue la kufanya. Ukimkuta mtu haamki ukimwita na kumtikisa, anapumua kwa nadra au anakoroma kama anayekabwa, midomo na kucha vimekuwa vya bluu au kijivu, huo si usingizi. Ita msaada na usimwache peke yake. Kama pumzi ni ya kusuasua na unajua kumpulizia pumzi mdomoni, mpulizie. Kama anapumua, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, kisha apelekwe hospitali kwa gari au bajaji akiwa ameshikwa. Usimnyweshe maziwa. Najua ndiyo huduma ya kwanza ya mitaani kwetu, lakini mtu asiyejitambua ukimnywesha chochote unampeleka mapafuni. Usimmwagie maji, usimtembeze uwanjani. Hospitali waambie alichotumia bila kuficha, kwa sababu ipo dawa ya naloksoni inayoondoa nguvu ya heroini mwilini ndani ya dakika chache, ila daktari lazima ajue anashughulika na nini.

Kurudia si kiburi

Wazazi wengi wanapokea mtoto kutoka soba kama wanavyopokea gari kutoka gereji: limetengenezwa, likiharibika tena fundi alikuwa mbovu au dereva ni mkaidi. Uraibu hauko hivyo. Ni ugonjwa wa muda mrefu unaobadilisha namna ubongo unavyopima raha, hamu na maamuzi, na ubongo wa kijana wa miaka 20 bado unakomaa, hasa ile sehemu ya kujizuia na kufikiria kesho. Taasisi ya Marekani inayotafiti matumizi ya dawa za kulevya, NIDA, inakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaotibiwa uraibu, 40 hadi 60 hurudia kutumia. Usishtuke. Taasisi hiyohiyo inalinganisha na wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu, ambao nao huyumba katika matibabu yao kwa kiwango kama hicho au zaidi. Shinikizo likipanda hatumfukuzi baba nyumbani. Tunamrudisha kliniki, tunaangalia dawa, tunamuuliza kuhusu chumvi.

Na mtu akiacha, mwili hautulii siku hiyohiyo. Arosto yenyewe, yaani yale maumivu ya mwili, kuharisha, jasho na mafua, hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Kinachobaki ni usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla, kukosa raha na kusahausahau, na hali hiyo inaweza kuchukua miezi. Sasa mchukue kijana wa hali hiyo umpe masomo saba kwa muhula mmoja, ili afidie mwaka uliopotea. Nimewaona wazazi wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Chuo kikiruhusu, aanze na mzigo mdogo. Mwaka mmoja zaidi wa ada ni maumivu, nakubali, lakini mzazi aliyeshawahi kulipa soba mara tatu atakwambia maumivu ya kweli yako wapi.

Kuna jambo lingine linalofichwa na uraibu: sonona, wasiwasi uliopitiliza, au ugonjwa wa akili ulioanza kabla ya bangi au ulioamshwa na bangi. Kijana anaweza kuwa alikuwa anajitibu mwenyewe bila kujua. Kabla hajarudi chuo, aonwe na daktari wa afya ya akili, hata mara moja. Na kama aliwahi kujidunga, apimwe Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu. Yote yana matibabu.

Kabla ya kupanda basi

Anza na chumba. Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kwa kila kijana anayerudi chuo, ningeuliza atalala wapi na nani. Gheto la zamani likiwa la bei nafuu, au godoro lake bado lipo huko, si sababu ya kurudi. Kuta zenyewe, kona ya duka, mlio wa simu ya rafiki fulani, vyote humwamshia hamu hata kama moyoni amekata shauri. Ubongo umeviunganisha na unga au pombe, na haviachani kwa maombi ya siku moja. Tafuta hosteli ya ndani ya chuo, au ndugu anayeishi karibu, au mwenzake asiyetumia. Asikae peke yake kama inawezekana.

Kisha fedha. Wanaosoma kwa mkopo wa serikali hupata fedha za kujikimu kwa mkupuo kwenye akaunti yao, na wauza unga na wenye baa jirani na vyuo wanaijua tarehe kuliko wazazi. Usimnyang'anye kadi ya benki. Yeye ni mtu mzima, na ukimnyang'anya atatafuta njia. Kaeni chini mkubaliane: kodi ya chumba na chakula cha mwezi vilipwe siku fedha zinapoingia, kiasi kingine ahamishiwe dada yake au mtu anayemwamini awe anamtumia kila wiki. Siku hiyo ya bumu asiwe peke yake. Mpigieni simu, muombeni aje nyumbani wikiendi hiyo, mtumeni kwa shangazi, chochote. Vijana wengi niliowahudumia walioteleza chuoni waliteleza siku yenye fedha.

Halafu mtu mmoja chuoni anayejua. Mmoja tu anatosha: mshauri wa wanafunzi, muuguzi wa zahanati ya chuo, kiongozi wa dini wa hapo, mwalimu anayemheshimu. Mtu huyo achaguliwe na kijana mwenyewe, si wewe. Kazi yake si upelelezi. Ni kuwa na mlango ambao kijana anaweza kugonga saa tano asubuhi akiwa anatetemeka kwa hamu, bila kuanza kujieleza upya.

Kuhusu barua na ofisi, nitapita haraka. Kama aliondoka chuo bila kuahirisha masomo rasmi, nendeni mkaulize hali yake kabla ya kununua tiketi, maana kuna wanaofika na kukuta jina halipo. Kama bado hajawa tayari, aahirishe kwa maandishi, akiambatanisha barua ya daktari, na mpate jibu la chuo kwa maandishi. Mwenye mkopo aulize pia Bodi ya Mikopo nini kinafuata. Barua ya daktari haihitaji kutaja ugonjwa kwa kirefu. Inaweza kusema yuko kwenye matibabu na anahitaji mapumziko hadi tarehe fulani. Una haki ya kuomba hivyo.

Aliye kwenye methadoni

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona madhara makubwa yanayofanywa na watu wenye nia njema.

Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo huduma imefika mikoa mingine, ikiwamo Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Methadoni ni dawa ya kunywa inayoshika sehemu zilezile za ubongo zinazoshikwa na heroini, lakini polepole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba mgonjwa hapati arosto, halewi akipewa kipimo sahihi, na anaweza kukaa darasani akasikiliza. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Pamoja na hayo, bado nasikia: "Hiyo nayo ni unga wa serikali, aache yote arudi chuo akiwa safi." Mzazi, tafadhali usimlazimishe. Anayeachishwa methadoni haraka haraka ili aonekane safi, anarudi chuo mwili ukiwa umeshasahau na hamu ikiwa imebaki. Tumeshaona hapo juu hiyo inaishia wapi. Wapo wanaoinywa miaka kadhaa na kumaliza shahada zao wakiwa wanainywa. Lini ipunguzwe ni mazungumzo ya mgonjwa na kliniki yake, polepole, si ya kikao cha ukoo.

Kinachotakiwa ni mipango ya safari. Dawa hunywewa kliniki, mwanzoni kila siku, mbele ya mhudumu. Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha chuo, uliza kliniki iliyo karibu ni ipi, na uombe kliniki anayotumia imhamishe kwa barua. Chuo kizuri mkoa usio na kliniki, kwa kijana huyu, si kizuri mwaka huu. Asubuhi ratiba ya darasa ikigongana na dawa, mhudumu aambiwe mapema. Na asiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi.

Methadoni haitibu uraibu wa pombe wala bangi. Naulizwa hilo kila wiki.

Pombe: ndogo machoni, kubwa ndani

Mzazi ambaye mwanawe "ni pombe tu" huwa na amani fulani. Angalau si unga, anasema. Sina uhakika kama amani hiyo ni stahili. Viroba viliondolewa sokoni Machi 2017, lakini chupa ndogo za bei ya mwanafunzi hazijaondoka, na pombe ndiyo inayokaribishwa kila sherehe: ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza, ya kumaliza mitihani, ya mahafali, ya timu kushinda na timu kufungwa.

Jambo moja la hatari lijulikane. Kijana aliyekuwa anakunywa sana kila siku akija likizo ukamfungia ndani "aache", anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo huua. Arosto ya heroini inatesa mno, ila ya pombe ndiyo inayoweza kumuua mtu mwenye nguvu zake. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa utulivu saa chache baada ya kuacha, mpeleke hospitali; kuacha kwake kusimamiwe kwa dawa. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama naltreksoni, na unaweza kumuuliza daktari kama inamfaa mwanao. Aliye kwenye methadoni au aliyetumia heroini karibuni asiinywe, itamletea arosto kali.

Nyumbani mnasemaje?

Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo baba alimwapisha mwanawe mbele ya wajomba wanne, mkono juu ya kitabu. Kijana aliapa. Hata mimi ningeapa, wajomba wanne si mchezo. Tatizo la kiapo ni kwamba siku akiteleza hana pa kwenda: akisema, amevunja kiapo, akinyamaza, anazama. Badala ya kiapo, mpe sentensi moja na uitunze: "Ukiteleza, nipigie mimi kwanza. Sitakutukana usiku huo." Kisha siku akipiga, usimtukane usiku huo.

Acha kumnusa mdomo kila akiingia. Acha kupekua begi wakati anaoga. Kama mnataka kipimo cha mkojo, mkubaliane naye, kifanyike kliniki, na majibu yasomwe na anayeelewa. Aliyevuta bangi kwa wingi anaweza kuonyesha alama kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Nimeona nyumba ikivunjika kwa kipimo cha duka la dawa kilichosomwa vibaya.

Na neno "teja" lisitamkwe ndani ya nyumba yenu, hata kwa utani wa wadogo zake. Mtu akiitwa jina miaka miwili, huwa anaanza kuliitika.

Wewe mwenyewe, mwanafunzi

Kijana, shikamoo zako nazipokea, lakini nisikilize kidogo.

Watu waliopitia njia hii kabla yako wana mambo manne wanayojikagua nayo hamu inapopanda: njaa, hasira, upweke na uchovu. Yanaonekana ya kitoto. Jaribu. Saa kumi jioni, hujala tangu chai, umegombana na mwenzako wa kazi ya kikundi, umelala saa tatu usiku wa jana. Hamu hiyo inayokuja inaweza kuwa nusu yake ni wali maharage. Kula kwanza, kisha amua. Hamu nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa hivi, ukiwa na mtu wa kuongea naye zinapita.

Usikeshe kwa vidonge au mirungi kwa ajili ya mtihani. Ukisema hii ni ya kusomea tu, mlango ni uleule.

Watakuuliza kwa nini hunywi. Huna deni la historia yako kwa yeyote. "Natumia dawa" inatosha, na mara nyingi ni kweli. "Tumbo halinitaki" nayo inatosha. Shika soda yako mapema, maana mwenye glasi mkononi hasumbuliwi. Na sherehe ukiona imegeuka, ondoka, huhitaji kuaga.

Lakini usiishi kwa kukwepa tu. Tafuta wenzako. Mikutano ya walevi na watumiaji walioacha, inayojulikana kama AA na NA, ipo Dar es Salaam na Zanzibar, na mingine hufanyika kwa mtandao; ukiwa Mbeya na simu yako unaweza kukaa nayo jioni. Marekani vyuo viliona zamani kwamba mwanafunzi anayeacha anahitaji wenzake palepale chuoni. Brown ilianza mwaka 1977 kwa kumpa mhadhiri mmoja jukumu la kuwasaidia, Texas Tech ikaanzisha programu yake mwaka 1986, na Rutgers mwaka 1988 ikatenga nyumba ya wanafunzi wanaoishi bila pombe wala dawa. Huhitaji jengo. Vijana watatu na chumba cha mshauri wa wanafunzi kila Alhamisi jioni, vinaanzia hapo. Wanaoendesha chuo wakisoma hapa, ombi langu kwenu ni hicho chumba na kuacha kumfukuza mtoto anayekuja mwenyewe kusema anaumwa. Anayejisalimisha akiadhibiwa, wengine kumi wanajifunza kunyamaza.

Akiteleza

Kuteleza mara moja na kurudi kwenye matumizi ya kila siku ni vitu viwili tofauti, na kati yake huwa kuna siku chache za aibu. Kama siku hizo hazina wa kumpokea, la kwanza hugeuka la pili. Akikupigia, mwulize kwanza: uko salama, uko na nani, umetumia nini, kiasi gani? Asikae peke yake usiku huo. Kesho yake arudi kliniki au kwa mshauri wake, hata kama ana mtihani. Mtihani una marudio. Wiki hiyo kaeni muone kilichotangulia: ni fedha, ni ugomvi, ni dawa aliyoacha kunywa? Rekebisheni hicho. Si kila kuteleza kunahitaji kurudi soba miezi minne.

Ikibidi arudi soba, uliza maswali kabla ya kulipa. Imesajiliwa? Nani anawaona wagonjwa, na daktari huja lini? Wanapata dawa zao za kawaida humo ndani? Unaweza kumwona mwanao bila msimamizi kusimama pembeni? Soba inayofunga watu kwa minyororo au kuwachapa, mtoe mwanao siku hiyohiyo. Kwa ushauri na kujua huduma iliyo karibu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bila malipo kwa namba 119.

Mama yule alinijibu baada ya siku tatu. Walikaa wote watatu, safari hii bila wajomba. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema hataki kwenda Oktoba. Anataka aahirishe muhula mmoja, akae kwa shangazi yake jirani na kliniki, arudi muhula wa pili akiwa anatokea hapohapo kwa daladala. Baba alinuna siku moja, kisha akaenda chuoni mwenyewe kupeleka barua.

Alikuwa na swali moja limebaki. Je, shangazi aambiwe yote, au aambiwe tu kwamba kijana anaumwa? Nilimwambia amuulize kijana.